Kioo cha Zloti Mia Nne

Nilianza kwa kuulaumu mji.
Katowice haulali: taa za stesheni, taa za duka la matairi,
anga zima rangi ya chai ya maziwa.
Nikanunua kichujio cha kufukuza nuru ya mitaa,
zloti mia nne, siku mbili za kuendesha tramu,
nikakikaza kwenye kamera
kama mtu anayefunga mlango usiku.

Mshtarii akatoka kijani, kijani cha mgonjwa,
mikanda yake imefifia kama soksi zilizochujuka.
Nikamwonyesha Ziemowit. Akacheka:
"Sayari haiogopi taa, bwana.
Nuru yake ni ya kuazima, lakini inatosha.
Na taa zenyewe manispaa imekwisha kuzibadili.
Umenunua kufuli la mlango uliong'olewa."

Basi nikajifunza upya.
Kinachozuia infraredi ni cha kila siku, kama chumvi:
rangi hukaa mahali pake.
Cha methani ni giza, kamera hukodoa macho,
ila lile doa kubwa huwaka kama kiini cha yai.
Cha urujuani nimemwekea Zuhura na mawingu yake.
Na kile cheusi, kinachopitisha infraredi tu,
niliambiwa hutuliza hewa.
Hakitulizi. Huchagua mawimbi marefu,
yasiyojali sana kusukumwa.

Hewa, kumbe.
Chini ya roshani yangu kuna paa la Bi Leokadia,
na dohani yake imesimama kusini, palepale.
Kila akitia makaa Mshtarii huchemka,
hucheza kama sarafu ndani ya karai la maji.
Hakuna duka linalouza kioo
cha kumchuja bibi anayesikia baridi.

Nilishuka Novemba, nimeyapanga maneno.
Nikamkuta amevaa koti ndani ya nyumba.
Nikaishia kumbebea ndoo ya makaa.

Siku hizi nasubiri. Saa nane usiku moto wake hufa,
vigae hupoa, nafunga kile cheusi,
narekodi fremu elfu sita,
nazitupa elfu tano.
Taa za duka la matairi bado zinawaka. Ziwake.

Kile cha zloti mia nne nilimpa yeye.
Amekitundika dirishani kwa uzi wa kufumia.
Anasema jua la asubuhi likikigonga
ukuta wa jiko huwa kijani,
na kijani hicho
anakipenda.