Gitaa la Pili

Hedifoni nimeinunua kwa Semdoe, Barabara ya Tisa,
kijana anayefufua simu zilizotumbukia chooni.
Laki mbili na thelathini, kwa mafungu matatu,
na Mwantumu hajui fungu la tatu.
"Kwa ukoo wake hii ni ya bure," aliniapia,
"dada zake wanauzwa bei ya pikipiki."

Akaifungua mbele yangu kwa bisibisi ya saa
nione ninacholipia:
si ile koni ya karatasi inayodunda kama ngoma ya kukodi,
bali utando, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
umetandazwa kati ya safu za sumaku.
Umeme ukipita unatikisika wote kwa pamoja,
kama shuka kwenye kamba, upepo umeikuta.

Ni nzito. Nusu kilo kichwani,
mtoto wa jirani aliyekataa kushuka.
Na migongo yake iko wazi, matundu matupu kama chujio.
Hilo sikulijua. Usiku wa kwanza
Mwantumu akajigeuza kitandani, akauliza,
"Huyo sisimizi wako anaimba nini?"

Mimi ni mtu wa mizani. Tangu saa moja asubuhi
napima malori ya saruji kule Pongwe,
yakipanda, yakishuka, yakinipulizia breki.
Nikirudi Ngamiani masikio yangu ni mfuko mtupu:
ukiukung'uta, vumbi.

Basi nikaweka wimbo wa ujanani,
wa ile bendi ya mtaa iliyokufa kabla ya vyombo vyake,
niliyoicheza kwenye harusi yangu na za wengine arobaini.
Niliujua kama njia ya msalani gizani.
Na mara, upande wa kushoto, nyuma ya tarumbeta,
chini ya mwimbaji anayevuta pumzi
(pumzi! sikujua kama alikuwa na mapafu)
gitaa.
Si lile kubwa, la kila mtu. Jingine.
Dogo, kavu, linadokoadokoa
kama kuku kwenye uchaga, mwenye nyumba amelala.

Nikavua. Nikavaa.
Lipo.

Miaka thelathini Kaniki, fundi baiskeli,
ametuambia, "Mle ndani nimo."
Na miaka thelathini tumemjibu,
"Umo, ndiyo. Ulishika mlango."
Tukicheka mpaka kahawa inamwagika.
Mwanawe mwenyewe alicheka.
Na utani wa mlango niliubuni mimi.

Asubuhi malori yalisubiri.
Nilibeba simu, waya, na ule mzigo wa sumaku
mpaka Barabara ya Kumi na Nne,
nikamkuta amepindua baiskeli, magurudumu juu,
anadonoa njiti moja moja kwa ukucha,
sikio karibu, akitafuta iliyolegea.

Sikuomba radhi. Ningeanzia wapi?
Nikamvisha tu, taratibu, kama bwana harusi kilemba.
Mikono yake ya grisi ikabaki hewani, isiguse kitu.
Nikabonyeza.
Na kwa kuwa migongo iko wazi, nami nilisikia,
kwa mbali, chembamba: yule sisimizi.

Hakulia. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa machozi.
Alikunja uso kama anayehesabu chenji,
vidole vya kushoto vikitembea
juu ya bomba la baiskeli, vikibana nyuzi zisizokuwepo,
vikishuka, vikipanda,
mpaka pale kabla ya kiitikio
vikajikwaa.

"Hapo!" akapaza sauti kupita kiasi,
kama wafanyavyo walioziba masikio,
na barabara nzima ikageuka,
"hapo nilikosea!"

Muuza maandazi akauliza, amekosea nini?
Hakuna aliyemjibu.
Kaniki alikuwa anajipapasa utosini.
"Zito hili dude," akasema. Halafu,
"Rudisha nyuma kidogo."