Saa Moja Mbele

Mtandao hapa Kadutu hushika kwenye ngazi ya tatu,
si ya pili, si ya nne,
kwa hiyo hapo ndipo tunapokaa Jumapili, mama na mimi,
magoti yamegusana, simu katikati kama mtoto mwenye homa.
Dada ametuma sauti sita.
Sikio la kushoto la mama limechoka,
na la kulia, asema mwenyewe, haliamini simu.
Basi nasikiliza mimi, kisha namwambia.

Ya kwanza: Padova kuna ukungu.
Aliamka saa kumi na moja alfajiri awahi foleni ya polisi,
karatasi za kukaa bado hazijatoka, miezi saba sasa,
wakachukua tena alama za vidole vyake
kana kwamba vile vya kwanza vilikuwa vya mtu mwingine.
Namwambia mama: anasema kuna ukungu.
"Kama wa Kabare?"
Kama wa Kabare.

Ya pili anacheka.
Mwanamke wa dirishani alilisoma jina lake, Cibalonza,
bila kukwama, bila kulivunja mgongo,
jina ambalo hapa kwetu, toka darasa la kwanza hadi diploma,
walimu walilisoma Kifaransa, Sibalonza, Sibalonza,
mpaka akachoka kuwasahihisha.
Yule mwanamke akainua macho:
babu yako alikuwa Mwitaliano?
Hii namwambia mama yote. Anacheka hadi kitenge kinalegea.
"Mwambie ajibu ndiyo. Alilima maharagwe Walungu
na alikuwa Mwitaliano."

Ya tatu ni chakula.
Anaishi na wasichana watatu. Mmoja, Ginevra,
aliomba kwa upole sambaza zisikaangwe tena mle ndani,
harufu imeingia kwenye makoti.
Sasa ile pakiti iko chini ya kitanda, mifuko mitatu juu ya mwenziwe,
na usiku anaifungua kidogo,
hali, ananusa tu.
Namwambia mama: anakula vizuri.
"Sambaza zilifika?"
Zilifika.

Ya nne, mtihani. Kule unakaa mbele ya profesa,
unajibu kwa mdomo, halafu anakutajia alama
nawe unaweza kuikataa, kama bei.
Alitajiwa ishirini na mbili juu ya thelathini.
Alitaka kukataa; akakumbuka bursa haimngojei mtu.
Akakubali, akashukuru, akalia kwenye choo cha ghorofa ya pili.
Namwambia mama: amefaulu, ishirini na mbili.
Mama, miaka kumi na tisa ya kuuza maharagwe soko la Muhanzi,
anatikisa kichwa polepole.
"Angegeuka, atembee hatua mbili tu. Wangemwita."

Ya tano si maneno. Alibonyeza bila kujua:
tramu, mlango, watu, viatu kwenye maji.
Dakika moja na sekunde arobaini.
Mama ananyoosha mkono, anaiweka simu sikioni mwake,
haniambii kitu,
kisha: "Huyo aliyekohoa ni yeye."

Ya sita anauliza nyumba.

Ukuta wa nyuma ulishuka na mvua ya Jumanne,
ukaenda na jiko letu na nusu ya choo cha mama Nankafu.
Tunalala chumba kimoja na magunia.
Nabonyeza kitufe. Mama anasafisha koo.
"Huku mvua kidogo. Maharagwe yamepanda bei, tunashukuru Mungu."
Ananitazama.
Ndiyo, naongeza, mvua kidogo.

Wakati wa baridi yao, saa zetu hutangulia kwa moja.
Saa anayoingia yeye sasa hivi sisi tumeshaitumia,
tumeiacha pale ngazini, ina joto bado.

Umeme unakatika. Mama anainuka akishika bega langu,
anapanda gizani kwa kuhesabu, ya nne, ya tano,
anasimama.

"Mwambie hizo sambaza azile.
Kunusa hakujazi tumbo."