Halina Rivasi

Ami Zahor alilinunua kwa simu
akiwa kitandani, Al Khuwair, mguu mmoja kwenye plasta.
Lilitoka Uingereza, kontena moja na mafriji mabovu,
na bandarini Sohari afisa wa forodha
alilihesabu mara mbili kuwa friji:
jeupe, la duara, mlango mmoja,
na mlango wenyewe uko usoni.

Magurudumu mawili mbele, moja nyuma,
mithili ya mtoto anayetambaa akiburura nepi.

Jirani yetu Muhanna,
mwenye Landikruza mbili na deni la tatu,
akashika kiuno.
"Zahor, umenunua bajaji?"

Usimwambie Ami bajaji.
Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu,
hapo tukajua chai itapoa.

"Jikoni kwako mafiga mangapi? Matatu.
Umeona chungu kikianguka?"
Kisha akaingia Ulaya.
"Vita vilipokwisha, waunda ndege wakakatazwa kuunda ndege.
Mtu na mikono yake, afanye nini?
Huyu akachukua kioo cha rubani
akafunikia viti viwili, kama kawa juu ya sinia.
Yule akaazima injini ya pikipiki.
Gurudumu la nne wakaliacha, kodi ipungue.
Na kule Uingereza, ukiziba gia ya nyuma,
leseni ya pikipiki inakutosha."
(Hili la gia hakuna aliyelisikiliza.)
"Mara mfereji wa Suezi ukafungwa.
Petroli ikawa ya kugaiwa kama dawa ya kikohozi.
Mameneja wa benki, watu wazima na tai zao,
wakakunja magoti mpaka kidevuni
wakaingia humu, na mke, na mbwa."

Muhanna akauliza mbwa alikaa wapi.

"Na sisi mwaka ule?" nikauliza mimi.
"Hapa Maskati lango lilifungwa usiku,
ukitoka utoke na fanusi.
Mafuta yalikuwa chini huko, yamelala,
hayana habari na mtu."

Nikalitazama upya:
kitoto cha kiu
kimekuja kuzeekea kisimani.

Wiki tisa likakaa Wadi Kabir kwa fundi Biju,
mtu wa Kerala aliyejifunza Kiswahili
kwa kutukanwa na wateja wazaliwa wa Unguja.
Plagi akaipata kwenye mashine ya kukatia majani,
kebo ya breki kwenye baiskeli ya mwanawe.
Siku lilipowaka, lilikohoa, likapiga chafya,
na gereji nzima ikaliombea afya.

Ijumaa ya kwanza Ami akaenda msikitini nalo, peke yake.
Kivuli kilikuwa kimoja tu, chembamba, chini ya ukuta.
Akalisogeza. Akalisogeza tena.
Pua ikabusu ukuta.

Mlango mbele. Ukuta mbele. Nyuma hakurudiki.

Tulimkuta watu wakitoka kusali,
kilemba kimelowa, anatazama mbele kwa heshima
kana kwamba anasoma kitu kwenye chokaa.
Shangazi Thuwaiba akainama kwenye dirisha:

"Kilichokutia ndani, ndicho kikutoe, kasa!
Mlango uko usoni, na ukuta wakugusa;
Nikuletee sahani, ule humo humo sasa?"

Kioo kikatia ukungu. Ami alikuwa anacheka.

Wakaliinua watu sita: Muhanna,
wauza juisi wawili, muadhini,
na vijana wa chuo waliotaka kwanza kupiga picha.
Wakaligeuza na mtu wake ndani,
taratibu, kama bi harusi ndani ya machela.

Nilidhani atalirudisha kwa Biju, liuzwe.
Siku hizi haegeshi mpaka aone pa kutokea, basi.
Nilipomwambia zipo gia za nyuma za kufungwa, za bei rahisi,
alisema atafikiri. Mwaka wa tatu huu anafikiri.

Jana usiku, baada ya isha,
Muhanna kaja mwenyewe, kavaa viatu vya mazoezi.
Tumbo limeingia kwa zamu, kwanza upande wa kulia.
Wakazunguka raundi ya karibu na duka la mikate
mara tano, mara sita, taa zinapepesa,
malori yakiwapisha kama yanavyopisha paka.
Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia:

"Na likizimika?"

"Utalibeba."