Safu ya Maoni

Kijiji chetu kinaitwa Vumilia.
Aliyekipa jina hakuwa anatania.

Saa moja na nusu, daftari la mahudhurio mkononi,
wino wa buluu kwa aliyekuja, mwekundu kwa asiyekuja,
naita majina sabini na mawili ya darasa la sita
na sauti hurukaruka kama karanga kikaangoni;
ila mwezi wa pili na wa tatu, tumbaku inapoiva,
karanga hupungua.

Kasele Mhoja huja.
Huja na harufu ya moshi,
vidole vimegandwa na utomvu mweusi usioitii sabuni,
hukaa dawati la nyuma, penye dirisha lisilo na kioo,
na kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni
amekwisha kulala, mdomo wazi,
mate yakilowesha ramani ya Afrika.

Siku hiyo nilifundisha vipimo vya joto.
Nikamwamsha kwa fimbo. Mbili, za mkononi.
Hakulia. Alivitazama viganja vyake
kama mtu anayetazama mali ya mwingine,
akasema, "Samahani, mwalimu,"
akasinzia tena, wima.

Darasa likacheka.
Nami nilicheka. Naliandika hili
nisije kesho nikajisahaulisha.

Jumamosi nikaazima baiskeli.
Nilifika kwao saa tatu usiku.
Nyuma ya nyumba, bani la kukaushia,
kuni za miyombo zimerundikwa hadi kifuani,
na mbele ya tanuri, juu ya ndoo iliyopinduliwa, Kasele,
macho makavu, kurunzi mkononi,
akichungulia kipimajoto kwenye tundu la ukuta.
"Sitini na tatu!"
"Punguza," baba akajibu kutoka ndani, kikohozi kikimkata neno.
Kasele akavuta gogo moja nyuma,
akangoja, midomo ikihesabu, akachungulia.
"Hamsini na tisa!"
Hesabu ile ile niliyomchapia.

Baba si mkatili. Baba ni mgonjwa.
Mbolea ni ya mkopo wa chama cha msingi;
jani likiungua daraja linashuka,
deni halishuki.
"Mwalimu," aliniambia, "moto haujui kengele ya shule."

Jumatatu nikaingia kwa Mwalimu Kyando, mkuu wetu.
Alinisikiliza huku akigonga mihuri.
"Shule si zahanati. Si ustawi wa jamii.
Madawati hayatoshi, mtihani uko mlangoni.
Sisi tunampokea mtoto anapoingia getini."

Nikamuuliza: akiingia getini, usingizi auache wapi?
Autundike mti gani?
Na njaa, huandikiwa kibali cha kutoka?

Hakujibu.
Akagonga muhuri mahali pasipo na karatasi.

Sijashinda. Usinipigie makofi.
Nilichopata ni mkeka
kwenye pembe ya stoo, kati ya majembe na mipira iliyopasuka,
na saa moja baada ya uji, kabla ya hisabati.
Uji wenyewe ni wa michango: leo upo, kesho masufuria yameinamishwa.
Mkuu hupita, huchungulia, huguna, huenda zake.
Lakini juzi kengele ya mapumziko ilichelewa dakika kumi,
na hapa kwetu kengele haichelewi.

Fimbo ningali nayo, juu ya kabati.
Nikisema nimeivunja nitakuwa mwongo.
Ziko asubuhi ambazo mkono huinyoosha shingo kuitafuta,
kisha huona haya, hurudi mfukoni.

Daftari lina safu nne:
jina, yupo, hayupo, maoni.
Ya nne nimeiacha tupu miaka kumi na mmoja;
mkaguzi haisomi.
Leo nimeijaza, kwa wino wa buluu:

Kasele Mhoja. Yupo.
Amelala.
Asiamshwe.