Senti Arobaini

Barua ya kwanza iliingia Jumatatu, ikaomba radhi.
Ya pili Alhamisi, ikashukuru.
Shangazi Tuulikki alizichapisha zote mbili
akaniwekea mezani, kando ya kahawa,
kama mgonjwa anayemtolea daktari ulimi.

Ya kwanza: wadukuzi wameingia.
Wamechukua jina, anwani ya hapa Tampere,
tarehe ya kuzaliwa, tarakimu nne za kadi,
na baadhi ya mazungumzo.
Tunathamini faragha yako. Badilisha nywila.

Ya pili: mchezo utazimwa tarehe thelathini, saa sita mchana.
Seva zitafutwa.
Tunathamini miaka yako tisa.

"Nywila ya mlango gani," akauliza,
"ikiwa nyumba yenyewe inabomolewa?"

Mimi kazi yangu ni kuhesabu vilivyoibwa.
Asubuhi kliniki ya meno, mchana shule ya chekechea,
jioni duka la viatu vya mbwa
(naam, huku mbwa huvaa viatu, barabara zina chumvi).
Nimezoea. Watu laki tatu huwa safu,
safu huwa namba,
namba humfikia mkuu wangu Pentti akila mkate.

Lakini shangazi hakuwahi kuwa safu.
Tangu kiwanda cha soksi kimstaafishe
amekuwa na kisiwa: kibanda, mabilinganya,
taa ya msimu wa kumi na saba,
euro tisa na senti tisini na tisa.
Kwenye kitufe paliandikwa Nunua.
Chini, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, neno jingine:
leseni. Yaani karibu mgeni, kaa,
lakini usivue koti.

Na alikuwepo Belmiro.
Fundi wa mabomba, mjane, wa Setúbal.
Hawakuonana hata siku moja.
Alikuja kila jioni kumwagilia bustani ya shangazi
kwa kuwa baridi ikizidi vidole humuuma.
Mwezi Machi akaunti yake iliandika kwa mkono wa bintiye:
Baba hatakuja tena. Asante kwa mabilinganya.

Sasa shangazi hataki taa, hataki euro zake.
Anataka mazungumzo yale.
Kampuni ikamjibu, au mashine ya kampuni,
kwamba kwa kulinda faragha yake hayawezi kutolewa.
"Wamenilinda mimi dhidi yangu," akasema,
"mwizi wakamsahau."

Kisha polepole, akikoroga kahawa isiyo na sukari:
"Basi anayenitunzia kumbukumbu ni mwizi.
Anauza bei gani?"

Senti arobaini kwa kila mtu.
Nilijua. Sikumwambia.
Nilimweleza sheria, na soko la wezi,
na jinsi anayenunua anavyomlisha anayeiba,
kwa sauti ile ile ninayowapa wateja.
Alisikiliza hadi mwisho, akaniongezea biskuti.

Tarehe thelathini tulikaa wawili mbele ya skrini.
Visiwani walibaki watu kumi na mmoja.
Mmoja alikuwa akicheza peke yake, bila muziki.
Mwingine akapanda mbegu
inayohitaji siku nne kuota.
Saa sita kamili skrini ikawa nyeusi,
ikatuonyesha nyuso zetu.

Ulimwengu ulifutika. Orodha haikufutika:
wiki iliyofuata ilitua mezani pangu kwa kuhesabiwa,
safu laki nne na ushei.
Kanuni yetu: hesabu, usisome.
Nikatafuta Rautio, Tuulikki.
Nikajiapia kutazama mstari mmoja,
kuhakikisha tu kwamba ni yeye.

Saa mbili usiku, Belmiro: Umekula?
Saa mbili na dakika moja, yeye: Bado. Wewe?

Nikafunga faili. Penye idadi nikaandika moja,
kisha nikafuta, nikaandika ile sahihi.
Nikampigia shangazi simu.
Alipopokea, sikuwa na neno la halali la kumwambia
isipokuwa lile.