Ndoo ya Samawati

Kila ukuta aliouchora Somoe hapa Newala
una ndoo ya samawati, haina mkono,
kipande cha katani kimefungwa badala yake.
Kwenye zahanati imekaa miguuni pa mjamzito.
Kwenye ghala la korosho imepandishwa mizanini.
Shuleni mwalimu mkuu aliifuta;
Jumatatu ilikuwapo tena.

Wageni husema: kilio cha shida ya maji.
Yeye husuuza brashi, hajibu.

Mimi niliyelala naye mkeka mmoja najua:
zamu ya kuteremka bondeni ilikuwa yake.
Alijikunyata, akasema tumbo.
Akaenda Asumini.

Jioni ndoo ilirudi
kichwani kwa mtu tusiyemfahamu,
imejaa hadi ukingoni,
haikumwagika hata tone.

Na kiu ilikuwa kiu.
Tuliyanywa.