Kumchagua Mshenga, Punta Arenas

Huku upepo wa Novemba haubishi hodi.
Manispaa hufunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo
ili wapita njia wajishikize,
na hakuna anayeuliza fundo kalifunga nani.
Yerko Matulić akasema, akifuta miwani:
"Kitu kama hicho ndicho tunachokitafuta."

Benki ya damu ina seva tatu:
moja huandika, mbili hunakili nyuma yake
kama watoto wa somo la imla.
Mwezi Mei ile ya kuandika ilizimika saa nane usiku,
na Nélida Oyarzún, muuguzi wa zamu,
akabaki na mfuko wa O hasi mkononi
mbele ya skrini nyeupe.
Nakala zilikuwepo, nzima, zimejaa kila kitu.
Ila hakuna aliyeiambia programu mlango mwingine uko wapi.
Ni mimi niliyeendesha gari, koti juu ya pajama,
kwenda kubadilisha anwani moja kwa mkono.
Dakika arobaini na moja. Bado nazihesabu.

Basi tukatafuta mshenga,
wa kukaa kati, asiyeoa wala kuolewa.

Wa kwanza alikuwa mwepesi, wa maneno machache.
Hugonga; akiitikiwa, hupitisha.
Lakini hajui aliyeitika ni nani,
mwenye nyumba au mgeni,
mpaka umtungie swali la kuuliza.

Wa pili anaijua lugha yenyewe:
maombi ya kusoma huku, ya kuandika kule.
Yerko alimpenda mchana kutwa.
Jioni tukaandika mfuko mpya, tukausoma papo hapo,
akatuambia haupo.
Alikuwa ametupeleka kwa nakala iliyochelewa sekunde nne.
Sekunde nne, kwenye damu, ni uongo mrefu.

Wa tatu alikuja na mkataba wa kurasa ishirini.
Mkurugenzi aliishia ukurasa wa bei.

Mjumbe hauawi, walisema wahenga.
Sisi tulimwua mara kumi na saba wiki ile:
tulichomoa nyaya, tulikata umeme,
tuone nani atafikisha salamu akifa yeye;
ndipo tukajua mshenga naye anahitaji pacha,
na mapacha wanahitaji anwani moja ya kupokezana.
Usiku mmoja tulikata waya wa kati tu.
Seva mbili zikajiita kuu, zote zikaandika.
Mafahali wawili, zizi moja.
Tulikesha tukitenganisha pembe na mbavu.

Mwishowe tulimchukua wa kwanza,
pamoja na hati niliyoiandika mwenyewe,
mistari thelathini ya kuuliza kila sekunde:
wewe ndiwe unayeandika?
Si kwamba ni hodari.
Ni kwamba asipojua hajifanyi anajua:
muamala ulionasa njiani huukata,
hukurudisha mikono mitupu, uanze upya.
Sikutaka mtu wa kusema "imeandikwa"
wino ungali kalamuni.

Juzi, saa tisa usiku, seva kuu ilikufa kweli.
Sikuamka.
Asubuhi daftari la mfumo likanionyesha: sekunde sita.
Nikampigia Nélida. Akafikiri kidogo.
"Kuna mahali nilibonyeza mara mbili," akasema,
"nikadhani ni kidole changu, kimekufa ganzi."

Nilitaka kumweleza. Nikaacha.
Nje upepo ulikuwa umeshaanza kazi.
Nikashika kamba, pembeni mwa duka la viatu;
fundo moja lilikuwa limelegea.
Nikalikaza, nikapita.